Waya ya Kamongo

Jamani, leo kaka yangu Marwa amefungwa pingu kwa ajili ya waya ya ndoana.

Mnaovua mnajua. Samaki huyu kamongo ana meno, kamba tupu anaikata kama mchicha. Lazima kati ya kamba na ndoana uweke kipande cha waya.

Marwa alichagua ile laini isiyokatika ukiikunja. Akaisokota, juu akaacha kitanzi cha kufungia kamba.

Kitanzi hicho!

Tangu Wazungu waweke mpaka wa hifadhi, waya ni kesi. Askari wa wanyama wakashuka kwenye Landrova hapa mtoni, mmoja akakiinua kwa kidole.

"Huu mtego wa swala."

"Ni ya samaki, afande. Ndoana hii hapa."

"Wote mnasema hivyo."

Mimi nikakimbia kumleta kamongo tuliyemvua, waya nyingine ingali mdomoni. Nikajua tumepona.

Askari akaitazama, akaichomoa.

"Kumbe mitego ni miwili."

Wamempeleka bomani.

Ninyi mngewaonyesha nini?

Kamongo yuko kwenye karai, bado anapumua. Mama amekaa naye, hataki achinjwe mpaka Marwa arudi.