Picha Kutoka Nyumba ya Mungu

Picha za baba zilinuka samaki. Zilifika kijijini kwetu Chome kila baada ya wiki mbili au tatu, katikati ya furushi la perege wakavu lililoviringishwa kwa magazeti na kufungwa kwa kamba ya katani. Mama alipolifungua, harufu ilijaa nyumba nzima, ikashinda moshi wa kuni na makande yaliyokuwa yakitokota jikoni. Nilikuwa na miaka kumi. Siku za gari kupanda mlimani, Jumatano na Jumamosi, sikuweza kutulia mahali. Nilisikiliza honi yake likizunguka kona za chini, na masikio yangu yalijua limefika kona ipi. Mama naye hakutulia. Alianza kupalilia tangawizi, akaacha, akaenda kuchungulia barabara, akarudi na kusahau jembe alipoliweka. Mwaka ule ukungu wa mlima Shengena ulishuka hadi mlangoni, na mara nyingi tulilisikia gari kabla hatujaliona, tukasimama pale tumelowa nywele, tukikodolea macho weupe mtupu.

Baba alikuwa ameteremka tambarare baada ya mavuno kwenda kufanya biashara ya samaki kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Aliondoka kwa heshima. Usharika ulimwombea Jumapili mbele ya watu wote, na mjomba, kaka mkubwa wa mama, akampa baiskeli yake imsaidie kubebea mizigo. Mwanzoni aliandika barua. Kisha barua zikakoma, zikawa zinakuja picha tu: wanawake wakianika samaki juu ya vichanja, mzee wa Kimasai kati ya ng'ombe wake, vumbi limewafika tumboni, wasichana wawili wakiosha miguu kwenye mfereji wa shamba, kinyozi chini ya turubai na mteja aliyefumba macho. Nyuma ya kila picha palikuwa na jina la mahali, basi. Baba mwenyewe hakuwemo hata katika moja.

Jambo hilo ndilo lililotunyima raha. Mama Mkubwa Eliwaza, dada yake mama, alikuja kila furushi lilipofika, akazipanga picha mkekani na kuzisoma kwa sauti. Siku moja aligeuza ya wale wasichana, akasoma, akapiga makofi.

"Kileo! Ameandika mwenyewe kwa mkono wake. Mwezi uliopita alikuwa Nyumba ya Mungu, sasa yuko kwenye kileo."

"Dada, Kileo ni kijiji, kiko Mwanga," mama alisema.

"Sawa, kijiji. Na hii kamba? Tazama fundo hili. Hakuna mwanaume anayefunga hivi."

Mama alilitazama lile fundo muda mrefu. Tangu siku hiyo akaacha kuimba akipika. Mjomba naye alikuja, akakataa chai, akasema mwezi ukiisha bila baba kuonekana, atatuma watu watuchukue, mama na mimi na mdogo wangu, turudi kwa babu. Aliongea kwa upole, na ndiyo maana niliogopa.

Nilianza kuzichunguza picha zile kama ninatafuta sindano iliyoanguka. Nilizipeleka mlangoni penye mwanga, nikazisogeza puani, nikazitazama pembe kwa pembe. Kwenye picha ya wale waanika samaki niliona chini, juu ya mchanga, kivuli cha mtu aliyeinua viwiko vyote viwili. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka, kama la baba, aliyebeba magunia kwa bega hilo tangu ujana wake. Nikamwita mama.

"Huyu ni baba. Ndiye anayepiga."

Nilidhani atafurahi. Mama aliishika picha, akaisogeza machoni. "Kumbe yu mzima," akasema. "Amesimama kwa miguu yake, mikono anayo, na hawezi kuniandikia mstari mmoja." Asubuhi ya pili alimwacha mdogo wangu kwa jirani, akafunga picha zote katika pindo la kitenge, tukateremka kwa miguu hadi Makanya kudaka basi.

Sikuwahi kuona joto la namna ile. Tulipita Same, tukapita Mwanga, tukapanda gari jingine lenye matenga matupu, na njia nzima mama alikuwa akilifungua pindo la kitenge na kulifunga tena. Tulipofika bwawani, alimwendea mwanamke wa kwanza tuliyemkuta kwenye vichanja, bibi mnene mwenye meno machache. Nikamwamkia shikamoo. Mama akamwonyesha picha.

"Marahaba. Ee, si mimi huyu!" Bibi alicheka hadi akakaa chini. "Niligeuka kufukuza mbwa, naye akapiga! Nilimwambia hii siitaki." Akazichambua nyingine. Alimjua kinyozi, alisema mteja yule hakuwa amesinzia, alikuwa akilia kwa kuwa mkewe alizikwa juzi yake. Alimjua na mzee wa Kimasai, aliyepigwa picha siku alipouza ng'ombe wake wa mwisho kwa sababu ya ukame. Kisha akamtazama mama vizuri. "Wewe ndiye Mama Nakunda wa Chome? Na Nakunda mwenyewe ndiye huyu? Furushi zako nafunga mimi. Mumeo anajua kupiga picha tu, kufunga mzigo hawezi."

Mama alifunika uso kwa kitenge. Sikujua kama anacheka au analia.

Baba alirudi jioni kutoka mnadani, vumbi hadi magotini, kamera inaning'inia kifuani. Alipotuona alisimama mbali, kama mtu aliyefika kwenye nyumba ya watu wasiomjua. Nilitaka kumkimbilia, lakini mama alinishika mkono.

"Mtumbwi ulipinduka," baba akaanza, bila hata salamu. "Safari ya pili. Samaki wote wakaenda, mimi nikavutwa kwa nywele. Tangu hapo siwezi kupanda mtumbwi, miguu inakataa. Nikabadilisha baiskeli ya shemeji kwa hii kamera. Usharika mzima uliniombea biashara. Ningeandika nini? Kwamba nazunguka nikipiga watu picha?"

"Ungeandika hivyohivyo," mama alisema. "Maneno hayohayo uliyosema sasa."

Mama akaniachia mkono. Baadaye akaitwaa kamera shingoni mwake, akamsimamisha kando ya vichanja na kumwambia amwonyeshe pa kubonyeza. Picha ile ilitoka imepinda, paji la uso limekatwa, lakini ilitosha: tuliporudi nyumbani mjomba aliitazama, akauliza habari za baiskeli, akanung'unika, na suala la kutuchukua likaishia hapo. Baba alikuja Krismasi, akaondoka tena Januari. Aliishi hivyo hadi uzee wake, akienda na kurudi, lakini kila picha iliyofika baada ya hapo ilikuwa na barua, na barua zake zilikuwa ndefu kuliko mahubiri.

Leo naishi Same mjini. Baba alishafariki, na mama, ambaye macho yake sasa ni hafifu, anakaa nami. Binti yangu anasoma chuo Mwanza. Picha zake zinaingia kwenye simu kabla chai haijapoa: amekula nini, amevaa nini, amekaa na nani, na yeye yumo katika zote, anacheka. Sisi tulikuwa na picha moja kwa wiki tatu, tukaikamua hadi ikatoa kivuli. Hizi nazipitisha kwa kidole gumba, nashindwa kukumbuka ya jana. Juzi mama aliomba simu, akaisogeza karibu na uso kwa muda mrefu.

"Mbona amekonda?" akauliza. "Na hapa nyuma ni kitanda cha nani?"

Sikuwa nimekiona kitanda. Kilikuwa cha hospitali. Nikapiga simu.

"Mama, si nimekutumia picha?" binti yangu akasema.

"Picha nimeziona," nikamjibu. "Nataka habari."

Nikamsikia akivuta pumzi, kisha akaanza kunieleza.