Nilitafsiri kwamba fumbwa iko hatari, soko zima la Kasongo likamkimbia mama yangu

Wakuu, habari za mchana.

Mimi humu ni msomaji wa kimya wa siku nyingi, leo nimeshindwa kunyamaza. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe hapa Kasongo, Maniema, Kongo. Chumvi sijaongeza. Anayeona nadanganya aje, nitampakia pikipiki bure mpaka sokoni amuulize mama yangu, ila ajiandae kusemwa na yeye.

Kiswahili changu mtanisamehe. Nimekaa Kigoma kiasi nikarudi nyumbani, kwa hiyo natafuna sanifu kidogo na Kiswahili chetu kidogo, na Kifaransa kinaingia bila hodi.

Tena msitegemee niwafundishe kitu. Kichwa changu mpaka saa hii hakijatulia.

Bon.

Mimi ni motari, ninyi mnasema bodaboda. Mama anauza fumbwa sokoni. Kwa msioijua, fumbwa ni majani ya mmea unaotambaa juu ya miti msituni. Yanakunjwa, yanakatwa membamba sana, yanapikwa na karanga na samaki mkavu. Kwetu haipandwi shambani kama muhogo. Unaingia msituni unachuma. Hiyo fumbwa ndiyo ilinisomesha mimi na mdogo wangu Furaha.

Mvua zilipopungua alikuja mama mmoja msomi wa mimea kutoka Kisangani. Tumwite Madamu Beatrisi. Kazi yake ni kupima mimea: ipi iko mbioni kuisha duniani, ipi bado salama. Safari hii alifuata mboga za msituni. Alitaka mtu wa kumzungusha Kasongo, Lusangi mpaka Kabambare, na wa kumtafsiria, maana yeye ni Lingala na Kifaransa, Kiswahili chake ni cha kuombea maji.

Nikapata mimi. Nilisoma kwa mapadri, Kifaransa ninacho. Au nilidhani ninacho.

Ngoja kwanza niwaeleze hiyo kazi ilivyo, kama nilivyoielewa. Mimi nilijua wanahesabu mti mmoja mmoja. Hapana.

Wanauliza. Zamani ulikuwa mwingi kiasi gani, sasa umepungua kiasi gani? Umebaki kwenye eneo kubwa au vipande vipande? Na kitu gani kinaufukuza: shoka, moto, mgodi, au tumbo la mutu? Wakishakusanya majibu wanaupa daraja. Kuna daraja la usiogope, la karibu na hatari, la hatari, la hatari sana, mpaka lile la mwisho ambalo ni msiba tu, kitu kimekwisha duniani kote.

Na kuna daraja moja lilinichekesha: "hatujui bado". Yaani mmea upo, unauona kwa macho, ila habari zake hazitoshi kuusemea. Nikamwambia Madamu, hilo daraja mniweke mimi. Alicheka mpaka akashika kofia.

Halafu kuna habari ya vizazi. Kupungua hawakupimi kwa kalenda peke yake. Panya akizaliwa leo, baada ya muda mfupi ni bibi wa watu. Mti mkubwa unaweza kukaa miaka na miaka kabla hajazaliwa mjukuu wake. Kwa hiyo kila kiumbe wanakitazama nyuma kwa vizazi vyake mwenyewe, vizazi vitatu. Hapo nilielewa vizuri kabisa. Niliona hata fahari kwamba motari kama mimi naelewa mambo ya wasomi.

Siku ya sokoni tulisimama mbele ya meza ya mama. Wamama wakajaa, si unajua mgeni mwenye kofia na kioo kidogo cha kukuzia majani hajawahi kuonekana kwenye mboga. Madamu akauliza, zamani mlikuwa mnachuma wapi?

Mama akajibu, "Zamani tulikuwa tunachuma nyuma ya nyumba tu. Sasa inatoka mbali, inaletwa na kinga (baiskeli), huko upande wa Lusangi, na wachumaji wanang'oa mpaka na muti uliyoibeba."

Madamu akatikisa kichwa kukubali. Swali zuri, jibu zuri, mimi katikati natafsiri kama balozi.

Ndipo mama mmoja muuza ndizi akauliza, "Sasa huyu madamu anatafuta nini mu majani yetu?"

Madamu akasema kwa Kifaransa, taratibu, kwamba huenda fumbwa iko hatarini, na wanapima vizazi vitatu kuona kupungua kwake.

Mimi nikasema hivi, na ninayarudia neno kwa neno: "Fumbwa iko hatari. Wanapima vizazi, vizazi vitatu, waone vile vinapungua."

Wamama wakanyamaza. Mimi nikajua wameguswa na sayansi. Asubuhi yake tukashika njia ya Kabambare.

Njia ile wanaoijua wanaijua. Kuna mahali pikipiki inakubeba, kuna mahali wewe unaibeba pikipiki. Kila tukifika kwenye msitu Madamu anashuka anatazama juu. Upande wa Lusangi, wachimba dhahabu wamekata miti mingi, na fumbwa bila muti wa kupanda haina pa kwenda. Madamu alikuwa anaguna tu. Mtandao wa simu hakuna.

Tulipofika Kabambare simu ikashika mtandao, ikaanza kulia hapohapo. Ni Furaha, ambaye huniita yaya, yaani kaka mkubwa.

"Yaya, rudi mbio. Mama hauzi tena hata fungu moja."

"Sababu gani?"

"Unauliza? Wanasema madamu kutoka Kisangani alipima wanawake watatu hapa Kasongo, akakuta vizazi vyao vimekauka sababu ya fumbwa!"

Wakuu, sasa hapa mnicheke, nimekubali. Niliamini.

Kweli kabisa. Mimi niliyekuwa na Madamu muda wote, ninayejua hakupima mwanamke yeyote, nilikaa pembeni ya pikipiki nikaanza kufikiria fumbwa yote niliyomlisha mke wangu. Nikamfuata Madamu kwa aibu nikamuuliza, je ni kweli fumbwa inakausha kizazi?

Akasema, "Nani amesema?"

"Watu."

"Watu gani?"

"Wanasema ni wewe."

Tulitazamana pale kama watu wawili waliopanda gari lisilo lao. Mwishowe akaniambia nimrudishie kwa Kifaransa yale niliyosema sokoni. Nikaanza. Kufika kwenye vizazi, ulimi ukasimama.

Kwa sababu kwetu, na nadhani kwenu pia, kizazi ni babu, baba na mjukuu, sawa. Lakini kizazi ni kile cha tumboni mwa mwanamke vilevile. Mama fulani akifanyiwa operesheni tunasema ametolewa kizazi. Na kupima? Unapimwa hospitali! Mimi nilisimama mbele ya wamama wa soko nikawaambia fumbwa iko hatari na wanapima vizazi vinavyopungua. Yeee, mama yangu.

Halafu hilo la "iko hatari". Kigoma wangesema iko hatarini. Kwetu hiyo "-ni" watu wanaimeza. Na ukisema kitu iko hatari, maana yake kaa mbali nacho.

Lakini bado nabishana, wakuu. Neno gani hapo lilikuwa la uongo? Nionyesheni.

Na Furaha alikuwa ameniambia jingine kwenye simu ileile. Kuna jirani yetu, Shantali. Ameolewa muda, mtoto hajaja. Mama anampenda kama binti yake, na fumbwa ikibaki jioni anampelekea bakuli. Sasa mama mkwe wa Shantali alikuja nyumbani na ndugu zake, wakasimama mlangoni, hawakukubali kiti. Yule mama mkwe akauliza swali moja: "Ulikuwa unamupa kila siku. Ulikuwa unajua?"

Ninyi wa huku mnajua swali la namna hiyo haliishii kwenye swali. Leo ni fumbwa, kesho watasema mama Amani (Amani ndiye mimi) anakula watoto wa watu tumboni. Kuna wamama walihama mtaa kwa maneno madogo kuliko hayo. Niliogopa, sifichi. Biashara ikifa mtu anaanza nyingine, lakini jina la mama likiharibika Kasongo, atakwenda nalo wapi?

Nikamwambia Madamu lazima turudi. Mungu ambariki, hakubishana. Akapanda.

Nyumbani nilimkuta mama nyuma ya jiko anamwaga fumbwa iliyonyauka. Jirani mwingine alikuwa amefunga mbuzi wake wasiisogelee. Mbuzi dume pia alifungwa, na mimi mpaka leo sielewi huyo alikuwa anaogopewa kizazi gani.

Mama hakunisalimia. Akasema, "Amani. Nimekula fumbwa tangu niko mutoto. Wewe na Furaha niliwazaa na kizazi gani?"

Nilimwambia ni Kifaransa, mama. Akasema Kifaransa hakikuwa na mdomo, mdomo ulikuwa wangu.

Kesho yake tukaenda sokoni wote, mama na ile fumbwa ambayo ilikuwa haijanyauka. Njiani mimi na Madamu tunatafuta maneno. Nikasema niseme "fumbwa inatishwa"? Hapana, watafikiri kuna mutu anaiogopesha na panga. "Fumbwa inapotea"? Kwetu kitu kikipotea bila sababu kuna aliyekipoteza, tutarudi kulekule kwa mama. Kizimba, lugha ya kwetu, ningeweza, lakini sokoni kuna wachimbaji na wafanyabiashara kutoka Kivu, hawasikii.

Mwishowe nilipanda juu ya gogo la muuza nyama nikasema ya kwangu. "Wamama, nisikilizeni. Hakuna mwanamuke aliyepimwa. Vizazi nilivyosema ni vya fumbwa yenyewe: nkambo (bibi) yake, mama yake, mutoto yake. Fumbwa haiui mutu. Mutu ndiye anaua fumbwa. Inachumwa sana, msitu unakatwa, inaelekea kuisha. Basi, ni hivyo tu."

Wakanyamaza tena. Safari hii nilijua kuogopa ukimya.

Shantali alikuwa amesimama nyuma. Sikumuona alipofika. Akauliza kwa sauti ndogo, lakini wote tulisikia.

"Kwa hiyo kizazi changu ni kizima?"

Wakuu, hilo nililitafsiri neno kwa neno, bila kuongeza. Madamu akasema yeye ni wa mimea tu, hawezi kujua. Kwamba si fumbwa, hilo ana hakika. Mengine, hatujui bado.

Ni lile daraja nililolichekea njiani. Nikamwambia Shantali hivyohivyo, hatujui bado, na sikuona cha kuchekesha.

Shantali alizunguka meza, akakaa kwenye kigoda cha mama, akachukua kisu, akakunja majani na kuanza kukata. Mama akamsogezea sinia. Mama mkwe wake, aliyekuwa upande wa wauza chumvi, aliangalia, akaangalia, halafu akaondoka zake. Hajaomba msamaha, ila hajarudi na ndugu zake pia. Nashukuru kwa hilo.

Nilidhani mambo yameishia hapo.

Yule muuza ndizi, mama wa swali la kwanza, akasogea. "Eti inaelekea kuisha?"

"Ndiyo, mama."

"Basi nipe mafungu mawili. Nisije nikakosa."

Na mwingine nyuma yake. Na mwingine. Kuna mmoja alichukua ya kumtumia dada yake Kindu. Wachimbaji nao wakaja, wale ambao hata fumbwa walikuwa wanaidharau, wakasema kitu ikikaribia kuisha bei yake haishikiki, itakuwa dhahabu. Meza ilikuwa nyeupe jua halijafika kichwani. Tangu mama aanze kuuza haijawahi kuwa hivyo.

Mimi nikawa nashangilia. Madamu alikuwa amevua kofia, ameishika mkononi, anatazama ile meza tupu.

Amekwisha rudi Kisangani. Fumbwa yetu itapewa daraja gani sijui, kazi yao haiendi haraka, na Kasongo peke yake si dunia.

Nilichojifunza? Nimejifunza kwamba kabla ya kutafsiri, muulize mama yako neno hilo linauma wapi. Hilo nina hakika nalo. Linalobaki ndilo lililonileta kwenu.

Mama jana alinikalisha. Wachumaji wa upande wa Lusangi walikuwa nje na baiskeli, wanasubiri awaambie waende au wasiende. Hajapata kusita kwa jambo hilo maisha yake yote. Akaniambia:

"Amani, uliposema vibaya, mimi nililia, lakini fumbwa ilipumzika huko msituni. Uliposema vizuri, mimi nilicheka, na wameimaliza mezani, sasa wanataka nyingine. Sasa wakikuita tena kutafsiri, utasema nini?"

Nimefikiria usiku, nimefikiria asubuhi. Wanabaiskeli bado wako nje, nawasikia wanapiga kengele.

Wakuu, ingekuwa ninyi mngemjibu nini? Andikeni hapa chini, na tafadhali, andikeni mapema.