Mkanda wa Mwisho wa Fundi Meno

Fundi Meno hakupewa jina hilo kwa sababu ya meno ya kinywani. Hayo yalikuwa ya kawaida, na mawili yalishakwenda zake. Alipewa kwa kuwa kila alipofunga mkanda wa taimingi, ule unaopatanisha mizunguko ya injini, alihesabu meno ya mkanda kwa sauti, moja moja, kama mama anayehesabu watoto kabla ya kufunga mlango.

Gereji yake ilikuwa chumba kimoja, sakafu yake imekunywa oili kwa miaka ishirini na sita. Ukuta wa kushoto ulikuwa na mlango mdogo, na nyuma ya mlango huo mkewe alishona nguo. Watani wa mtaa walisema nyumba ile haina ugomvi, maana wakikasirikiana huyu anakanyaga cherehani na yule anakaza bolti mpaka hasira ziishe.

Lakini kuna jambo watani hawakulijua. Macho ya Meno yalianza kumtupa mkono miaka minane nyuma. Ya mbali aliyaona. Ya karibu yalikuwa ukungu. Daktari alimwambia miwani haitamsaidia sana, jicho lenyewe limechoka. Breki na klachi alizifanya kwa vidole. Taimingi haifanyiki kwa vidole. Puli ya juu, gurudumu linaloshika mkanda, ina alama ndogo kama mkwaruzo wa ukucha, ya chini ina yake, na zote mbili lazima zikae mahali pake kabla mkanda haujavishwa. Zikipishana sana, pistoni inapanda wakati valvu bado imeshuka, zinagongana, na injini inakuwa chuma chakavu.

Kwa hiyo ikifika saa ya alama, Meno aligonga ukuta kwa spana mara mbili. Mkewe alikuja na chaki yake ya kuchoria vitambaa, akainama, akaitia chaki alama. Meno akazungusha taratibu.

"Hapo?"

"Bado kidogo."

"Hapo?"

"Hapo."

Kazi ikiisha, mkewe alifuta chaki kabla kifuniko hakijarudi, asije mteja akauliza. Akarudi kwenye cherehani yake. Sifa zikabaki kwa Meno.

Kisha mke yule akaenda hospitali kwa miguu yake na akarudishwa amebebwa. Siku ya mazishi Meno alisimama akasema machache: kwamba alikuwa mshonaji hodari na mke mwema. Ya chaki hakuyasema. Alikaa chini, na tangu hapo neno lile alilolimeza halikushuka.

Miezi minne ilipita bila yeye kugusa mkanda. Kila aliyeulizia aliambiwa vifaa havijafika. Hadi alipokuja shemeji yake, kaka wa marehemu, na gari la kusambazia mikate. Ndilo lililomlisha yeye na watoto wake watano. Mkanda ulikuwa umepasuka pasuka pembeni, na Meno alipoupapasa aliona aibu kwa niaba ya mwenye gari.

"Shemeji, huu mkanda au kamba ya mbuzi?" alimtania.

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Usiponifungia wewe, acha tu ukatike njiani. Simpi mtu mwingine."

Meno alifungua mdomo amwambie ukweli. Ukasimama palepale uliposimama siku ya mazishi. Akachukua spana.

Alifungua puli ya nje, akatoa vifuniko, akalegeza tenshena inayoukaza mkanda, akauvua ule wa zamani. Ulipoachia, ekseli inayosukuma valvu iliruka ikapoteza mahali pake, kama inavyotokea kwa injini nyingine. Mkono wake ulishanyanyua spana kuelekea ukutani, akaushusha. Shemeji alikuwa ameinama kando yake, akitazama kwa adabu. Meno akashika puli ya juu, akaizungusha, na mdomo ukasema wenyewe kwa mazoea ya miaka minane:

"Hapo?"

Shemeji aliona mkwaruzo mmoja kwenye puli umeelekea mkwaruzo mwingine. Akaona si vizuri kumwacha mkubwa wake bila jibu.

"Hapo," akasema.

Sauti ilitoka upande uleule aliokuwa akiinama mkewe, kwa kimo kilekile. Meno hakufikiri. Alivisha mkanda, akahesabu meno, akakaza tenshena.

Kilichomwokoa ni desturi moja: hakuwasha injini kwa ufunguo kabla ya kuizungusha kwa mkono mizunguko miwili kamili. Mzunguko wa kwanza haukufika hata nusu. Spana ikagota. Haikugota kwa uzito wa kawaida wa injini. Iligota chuma kwa chuma, kikavu. Akaacha kusukuma. Akakaa juu ya tairi, mikono imelala magotini.

Shemeji aliuliza kuna nini. Meno akamwambia. Angewasha kwa ufunguo, angemuulia gari. Kisha akamwambia na lile jingine lote: macho, ukuta, chaki, na mazishi aliposimama akanyamaza.

Shemeji aliitazama mikono ya Meno iliyolala magotini.

"Tulikuwa tunamcheka kucha zake," alisema. "Kila akija nyumbani zina oili nyeusi. Akatuambia ni oili ya cherehani."

Meno aliinamisha kichwa. Alilia bila sauti, na shemeji akatazama barabarani mpaka alipomaliza.

Kisha Meno akafungua mlango mdogo. Cherehani ilikuwa imefunikwa shuka. Kwenye droo yake alikuta kipande cha chaki kilichoisha hadi kuwa chembamba kama kucha. Akamwonyesha shemeji alama ya kweli iko wapi kwa kuhesabu meno kwa vidole kutoka kwenye tundu la puli; kuilinganisha ndiko kulikohitaji macho. Akampa chaki aipake. Wakaanza upya.

"Hapo?"

"Bado," alisema shemeji. Akasogeza kichwa. "Bado kidogo."

Alilisema kama dadake, akiivuta ile "kidogo" mwishoni. Meno akazungusha taratibu.

"Hapo?"

"Hapo, shemeji."

Mizunguko miwili ilipita laini. Injini ikawaka ufunguo ulipozungushwa mara ya kwanza, ikaunguruma sawasawa. Kabla kifuniko hakijarudi, shemeji alinyoosha kitambaa afute chaki. Meno alimzuia, akarudisha kifuniko na kuzikaza bolti, chaki ikabaki ndani.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alikuja kuulizia mkanda. Meno alimwelekeza kwa fundi wa barabara ya pili. Mteja akashangaa: kwani si yeye aliyesifiwa mji mzima kwa taimingi?

"Aliyekuwa anaona ni mke wangu," alisema Meno. "Mimi nilikuwa nazungusha spana tu."

Mteja alicheka, akidhani anataniwa. Meno akamwacha acheke, kisha akalirudia tena, polepole, mpaka kicheko kikaisha.