Panya wa Upande wa Kuume

Ilianza Jumanne, saa tisa na dakika kumi alasiri, mwaka ule wa mafua makali. Saa naijua kwa kuwa niliiandika katika shajara yangu: "Leo naenda bandani peke yangu."

Baba alikuwa mtunza panya wa daktari mmoja Mzungu, Changamwe, nyuma ya reli. Daktari akiwadondoshea puani maji yenye ugonjwa uleule uliokuwa ukiangusha watu mitaani, kisha nusu yao wakinyweshwa dawa mpya na nusu maji matupu, aone wepi watapona. Wiki ile daktari alishinda hospitali kisiwani, na Baba naye akashikwa na homa. Aliogopa kufukuzwa kazi, akanituma mimi nikitoka shule.

"Chupa ya kahawia ni dawa, nyeupe ni maji," aliniambia kutoka kitandani. "Anza na dawa. Upande mmoja dawa, upande wa pili maji. Usije ukachanganya."

"Abee, Baba."

Sikuuliza upande upi. Mimi nilikuwa siwezi hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda msalani.

Nilipofungua mlango wa banda nilisema bismillahi, nikaanzia upande wa kuume. Wala sikufikiri. Kwetu kila la heri huanzia kuume: kuvaa kiatu, kutia tonge kinywani, kupitisha kahawa kwa wageni. Na dawa ni ya heri.

Siku nne nilifanya hivyo. Daftari la daktari lilikuwa na sehemu mbili tu, kuume na kushoto, nami nilihesabu maiti nikaziandika. Kuanzia siku ya tatu panya wa kuume waliacha kukwaruza. Walijikunyata manyoya yamesimama, mbavu zikipanda na kushuka. Niliwatoa kwa koleo, nikawatia katika debe la chokaa. Nikasema moyoni, labda dawa huchelewa kufanya kazi.

Jumamosi Baba alikuwa ameinuka, tukaenda pamoja. Daktari alikuja, akasoma daftari, akapiga kofi mezani.

"Mzuri sana! Kushoto hai! Hawa ndio nakunywa dawa, mimi naanza kushoto siku zote, kama kuandika!" Akagonga kizimba cha kushoto kwa kalamu.

Baba alicheka kwa furaha. Lakini dawa mimi niliinywesha kuume. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka, lakini watu wazima wawili walikuwa wamefurahi, na mmoja ni baba yangu. Nikachukua ufagio, nikafagia sakafu.

Njiani Baba alifunua koti kidogo akanionyesha kichupa cha kahawia. "Masazo haya. Daktari hana habari. Mamako hawezi kuendelea kupumua vile."

Mama alikuwa na siku ya nne mafua yamemshika kifuani. Alikaa kitini kwa kuwa akilala pumzi inakata. Baba alipomwekea kichupa dirishani alikitazama, akatabasamu.

"Leo nishakuwa panya wako, Bwana?"

"Panya wa kushoto, mke wangu. Wale wazima. Kesho alfajiri utakunywa, kabla hujatia kitu tumboni."

"Na nikiota mkia?"

"Nitakufugia paka."

Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika kiti kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nikipepeta mchele hapo kando. Nilijua ya kuwa nikisema, Baba atafukuzwa. Nikinyamaza, Mama atakunywa kile walichonyweshwa wale niliowatoa kwa koleo. Nilipepeta mpaka Mama akaniuliza kama nautafuta mchele au naufukuza.

Asubuhi yake, Baba alipokwenda msikitini, nilikichukua kichupa nikakimwaga chote katika mfereji wa uani. Kuku akasogea, nikamfukuza kwa jiwe. Kisha nilisimama mlangoni nikamngoja Baba, na aliporudi nikamwambia yote, hata mkono nilioanza nao, kabla hajavua viatu.

Hakunipiga.

"Daktari anaandika barua Nairobi leo," alisema. "Watu watapewa dawa ileile."

"Abee."

"Tutakula nini?"

Nilimtilia Mama maji ya moto ya tangawizi, nikavaa buibui, nikashika njia ya reli kwenda kwa daktari. Sikugeuka kutazama kama Baba ananifuata.