Maji ya Kujaza Chupa

Tulipohamishwa kutoka bondeni kwenda kijiji cha ujamaa, huku juu Newala, baba alikuwa tayari anakojoa damu. Bondeni hakuna aliyeshtuka. Wavulana wengi walikuwa hivyo, na watu walisema ndiyo kukua. Lakini baba alikuwa na wajukuu, na mkojo wake ulitoka kwa matone huku ameshika ukuta.

Ndipo akaja daktari mtafiti, ameongozana na bwana mganga wa zahanati yetu, mtu wa Kilimanjaro. Waligawa chupa za kutilia mkojo.

"Mzee, kwanza unywe maji mengi," daktari alisema.

"Mengi?" Baba akacheka. "Mwanangu, hapa maji mengi tunayaona yakipita mawinguni."

Mama alimpa ndoo nzima. Ndoo hiyo mimi na yeye tuliiteka chini ya mteremko tangu alfajiri, tukisikia mizinga ya Wareno ng'ambo ya Ruvuma. Siku ile hatukupika. Chupa ilipojaa, nyekundu, daktari aliiinua juani.

"Nzuri sana," alisema.

Kwetu mganga akishachukua kitu cha mwili wako, wewe ni mgonjwa wake. Ukienda kwa mwingine umemtukana, na dawa yake haitashika. Mama alipomsihi baba aende hospitali ya misheni Masasi, alikataa.

"Nina mganga wangu, yule daktari. Amechukua chupa. Atarudi."

Msimu wa korosho ukapita, na mwingine. Miguu ikavimba, kisha uso. Tulimzika kabla ya mvua.

Baadaye bwana mganga alikuja nyumbani na jarida mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Hili ni jarida la madaktari wa njia ya mkojo. Makala ya daktari wetu imo. Wenzake Ulaya wanaitaja katika maandishi yao, na hospitali nyingine zimebadilisha namna ya kutibu. Kijiji chetu kimesaidia watu wengi."

Alifurahi kweli. Nadhani alidhani nasi tutafurahi.

"Wamepona?" mama akauliza.

"Wengi, mama."

"Wa wapi?"

Akalifunga jarida. Akasema daktari anarudi kwa utafiti mwingine, anaomba wanaume wa nyumba zilezile. Akatoa chupa, akaninyooshea. Nami nilikuwa nimeanza kuona damu. Aliyejua ni mama tu, na hata yeye nilimwambia nimempa mgongo.

Mama aliichukua ile chupa kabla yangu, akamrudishia.

"Huyu bado hana mganga," alisema. "Na maji hatuna."

Kulipokucha tulishika njia ya Masasi kwa miguu. Kila nilipochepuka kichakani alinisubiri barabarani, na niliporudi aliniuliza, akitazama mbele, ni rangi gani.