Mtu Mwenye Kuku Kwapani

Mwalimu Nesta wa shule ya Iyula hakuwahi kuona gazeti akaliacha salama. Dada yake aliuza maandazi Tunduma, mpakani, na kila mwisho wa mwezi alimletea magazeti makuukuu ya Zambia. Nesta alikata picha kwa wembe, maneno ya chini akayatia motoni, picha akaibandika ubaoni kwa ugali. "Huyu nani? Katoka wapi? Haya, igizeni!" Basi sisi wa darasa la tano, ambao hata majina yetu tuliyanong'ona, tulisikika mpaka mashamba ya kahawa.

Mzazi mmoja, Mungu amsamehe mdomo wake, akaandika barua wilayani: watoto wanafundishwa uongo. Mwaka huo wa 1996 akaja mkaguzi, Bwana Danford, kuamua kama picha zipigwe marufuku. Nilimchukia kabla hajashuka kwenye pikipiki.

Siku hiyo ubaoni palikuwa na mtu aliyetupa kisogo, kuku kwapani, mbele ya mlango uliofungwa. Mwalimu alimpa mkaguzi kiti. Akakikataa.

"Jibu sahihi ni lipi?" aliuliza, kalamu mkononi.

"Halipo, mzee. Ndiyo maana wanafikiri."

Akaandika maneno mengi. Tukajua tumekwisha.

Mwenzetu Lusubilo akainuka hivyo hivyo, daftari kwapani ndiye kuku, akapiga hodi. Ikupa akajifanya anafungua mlango. "Unataka nini?"

"Hapana!" Mkaguzi alifoka. "Wewe binti, umelelewa wapi? Mgeni haulizwi shida akiwa wima! Kwanza kiti, kisha maji, kisha habari za nyumbani. Shida mwisho!" Akampokonya Lusubilo daftari, akapiga hodi mwenyewe, akikohoa kikohozi cha mtu aliyefika ukweni.

Ikupa, asiyeogopa hata nyuki, akamsogezea kile kiti. "Karibu, baba. Samahani. Lakini na wewe umemwuliza mwalimu ukiwa wima."

Mwalimu Nesta akafumba macho.

Bwana Danford akakitazama kiti. Akakaa. Ikupa akamletea maji kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote.

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mama."

"Haya baba, shida yako?"

"Nilitumwa niamue kama picha hizi zipigwe marufuku." Akaichana ile karatasi aliyoiandika, akaichomeka kwenye daftari iwe mkia wa kuku. "Sasa niambieni, kuku huyu nimemletea nani?"

Mikono ikapanda darasa zima, wa Mwalimu Nesta ukiwa wa kwanza.