Hesabu Imetimia, Mzee Hayupo

Kuna siku moja naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na umenirudisha huko wewe na swali lako la kwenda Serengeti na kundi dogo au kundi kubwa.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kila aliyepata gari alijiita kampuni. Hapa Mwanza walikuwapo wawili waliopeleka watu mbugani, mmoja na Land Rover ya watu sita, mwingine na basi zima. Mimi nilikuwa mwalimu kijana, nikalitaka basi. Niliona penye watu wengi huwezi kudhulumiwa, maana mashahidi wako tele. Shangazi yangu Sabina, muuza dagaa wa Mkuyuni, hakuamini kundi lolote. Alifuatana nami ili, kwa maneno yake, awepo mtu wa kugombana.

Asubuhi alipanda basini akaanza kusalimia kiti kwa kiti. Unaitwa nani, umetoka wapi, uko na nani. Niliona aibu, nikajifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Kiti cha nyuma alimkuta mzee wa Kiseke, Mzee Lufunga, yuko peke yake, kavaa koti lake la kanisani. Wanawe walikuwa wamemlipia akaone tembo kabla hajafa, ndivyo alivyosema, akicheka.

Huko mbugani tulisimama penye vyoo. Tuliporudi garini, mwongozaji, kijana mchangamfu kuliko nilivyopenda, alihesabu vichwa kwa kidole akasema tumetimia. Basi likaondoka. Vijana wa kwaya wakaanza kuimba, sote tukaitikia.

Tulikuwa tumeshakwenda mwendo mzuri Shangazi alipogeuka nyuma.

"Yule mwenye ndoo ya rangi kapandia wapi?"

Konda akatazama nje. Kumbe pale vyooni alimpakia fundi aliyeomba lifti, akamweka kwenye kiti alichokikuta wazi.

"Na Mzee Lufunga yuko wapi?"

"Mama, hesabu imetimia," mwongozaji akajibu.

"Sikukuuliza hesabu, kijana. Nimekuuliza Mzee Lufunga."

Watu wakaguna. Mmoja akasema simba hawatatusubiri. Mwingine akasema labda huyo mzee alibaki getini kwa hiari yake. Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu, na niliowaogopa ni wale abiria wenzangu, watu tuliokuwa tumegawana nao mihogo asubuhi ileile. Hata mimi nilikuwa nimekaa kimya, nikingoja mwingine aseme.

Shangazi akajifunga kanga kiunoni, akaenda kusimama mbele kando ya dereva.

"Mwanawane! Geuza gari. Usipogeuza, nishushe na mimi hapahapa."

Dereva alimwangalia usoni, akageuza.

Tulimkuta kajibanza kwenye ukuta wa choo, na nyati wanakula majani kati yake na barabara. Dereva alilisogeza basi polepole mpaka wakampisha. Mzee alipanda, akakaa karibu na Shangazi, akashika pindo la kanga yake. Hakuliachia mpaka tunaingia mjini. Tembo walipita karibu kabisa na dirisha lake, hakugeuza shingo.

"Niliwaita," alisema mara moja tu. "Mlikuwa mnaimba."

Basi, mwanangu, nenda na kundi dogo. Lakini na hao wa kundi dogo usiwaamini upesi. Mwongozaji mwenye abiria wanne atakuwa rafiki yako kabla hamjafika Magu, na rafiki ni vigumu kumgombeza akikupitisha kwenye duka la shemeji yake. Mchunguze. Msikilize kama anawaita watu kwa majina au anasema tu "wageni wangu." Mwulize akipakia mtu njiani anamweka wapi. Akicheka, tafuta mwingine. Na ukilazimika kwenda na kundi kubwa, wasalimie wote kiti kwa kiti, hata wakikuona mshamba, na hasa yule aliyekaa peke yake nyuma.

Mungu akupeleke salama na akurudishe salama. Na siku utakapochelewa kurudi garini, akuwekee mle ndani mtu mmoja mbishi wa kukutaja kwa jina lako.